Nyumba Haijatukanwa

Kaka yangu ni mkaguzi wa hesabu, na mtu aliyezoea kukagua hesabu za wenzake hapendi kulipia kitu asichoweza kukihesabu. Ndiyo maana siku tulipokaa sebuleni kwa mama kuzungumzia kuuza nyumba, mimi nilipotaja dalali tu, alijiweka sawa kitini akasema, "Kizuri chajiuza."

"Na kibaya?" nikamuuliza.

"Kibaya chajitembeza. Nyumba yetu haina miguu."

Alikuwa amekwisha piga mahesabu kabla hajafika. Asilimia tano ya bei nzima, apewe mtu ambaye kazi yake ni kufungua mlango, kusimama pembeni, halafu kuufunga. "Mlango huo hata mimi nitaufungua," alisema. "Ufunguo ninao tangu nasoma shule ya msingi." Mama akacheka. Mimi sikucheka, lakini sikumpinga, maana na mimi niliona asilimia tano ni pesa nyingi mno kwa kazi ya kusimama.

Nyumba yenyewe ni ya ghorofa moja. Chini kuna sebule na jiko, juu vyumba vitatu na bafu. Baba, ambaye maisha yake yote alikuwa karani wa posta, aliijenga kidogo kidogo na fundi mmoja, lakini ngazi alizijenga yeye mwenyewe na hakutaka fundi aziguse. Zilionyesha hivyo. Ni nyembamba, zimesimama wima, na kile kidato cha karibu na juu kimewazidi wenzake kimo. Sisi watoto tulikizoea, miguu yetu ilikijua gizani. Wageni walijikwaa. Baba alikuwa akiwaambia, "Karibuni, nyumba inawasalimia," na kila mtu anacheka, na aliyejikwaa anacheka kuliko wote.

Baba alipofariki, ngazi zikabaki na mama, na magoti ya mama yakaanza kuzeeka kabla ya mwenyewe. Kupanda alipanda kwa kushika ukuta. Kushuka sikujua anashukaje mpaka Jumapili moja nilipoingia bila kupiga hodi nikamkuta amekaa kwenye ngazi, anashuka kwa makalio, kidato kimoja kimoja, kama mtoto aliyeanza kutambaa juzi.

"Usimwambie kaka yako," alisema. "Ataninunulia fimbo."

Bafu liko juu, jiko liko chini. Kwa siku mama alikuwa anaifanya safari hiyo mara nyingi kuliko nilivyotaka kujua. Basi nikamtafutia nyumba nyingine: nyumba ndogo isiyo na ghorofa, mlango wake unatazamana na mlango wa mama mdogo, sakafu moja tambarare kuanzia getini hadi kitandani. Mwenyewe alikuwa mwalimu mstaafu anayehamia kwa bintiye. Tuliuziana kwa maneno tu, kwamba ya kwetu ikitoka, tunamlipa. "Nitawasubiri," alisema, "lakini sitaota mizizi." Hilo ndilo lililokuwa linaninyima usingizi. Nyumba ya mama isipouzwa upesi, mwalimu atampa mwingine, na mama atabaki na ngazi zake mpaka siku moja zimwangushe.

Kaka aliandika kibao kwa mkono wake, herufi zimenyooka kama amepiga mstari: NYUMBA INAUZWA. MADALALI HAWATAKIWI. Akakifunga getini kwa waya, akarudi nyuma kukitazama, akaridhika.

Watu walikuja. Hilo sitamnyima kaka. Walikuja na watoto wao, na shemeji zao, na mmoja alikuja na futi akapima sebule yote asiseme neno. Na hapo ndipo mama alipoingia na sheria yake. Kwa mama, mtu akishavuka kizingiti ni mgeni, na mgeni anapewa kiti, anapewa chai, anafunguliwa lile kopo la biskuti linalokaa juu ya kabati. Na mgeni haulizwi habari za pesa huku kikombe kina chai. Kikombe kikiisha, mama anaongeza.

"Mama, hawa ni wanunuzi," kaka alimwambia.

"Wanunuzi hawaoni kiu?"

Mimi nilipewa kazi ya kuwazungusha vyumbani, kwa sababu eti mimi ndiye muuzaji wa familia. Nafanya kazi duka la miwani. Kutwa nzima nawavisha watu fremu na kuwaambia zimewakaa. Naweza kumtazama mwanamume mwenye uso wa duara ndani ya fremu ya duara nikamwambia amekuwa kama profesa, na nisipepese jicho. Lakini fremu si ya mama yangu. Pale nyumbani nikifungua mlango wa chumba cha nyuma, mdomo wangu unafunguka nao: hapa paliwahi kuvuja, baba akapanda paani akiwa na homa, hapa ndipo alipougulia. Watu wanatikisa vichwa kwa adabu. Wanasema pole. Kisha wanashuka, wanakunywa chai.

Namkumbuka hasa mwalimu wa udereva na mkewe. Mwalimu alikuwa mtu mpole, na kila kaka alipozungumza haraka haraka, mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga sakafu kama anatafuta breki. Mkewe alikuwa mkunga. Wakati wa kupanda alijikwaa kwenye kile kidato, akaudaka ukuta kwa mikono yote miwili.

"Pole, mwanangu," mama akaita kutoka chini. "Umeumia?"

"Hapana, mama. Ni viatu vyangu."

Viatu vyake vilikuwa raba. Walikunywa chai, wakaisifia nyumba ina hewa, wakamsifia mama ana watoto wazuri. Mama akawafungia biskuti za kuwapelekea wanao. Getini mwalimu akasema, "Tutawapigia." Hakupiga. Hakuna aliyepiga. Kila aliyekuja aliisifia nyumba kuliko aliyemtangulia, na kila mmoja alipotea kama aliyemtangulia.

"Wanaipenda," kaka alisema. "Tatizo hawana pesa."

"Wote?"

"Hali ngumu. Tuwe na subira."

Subira ni rahisi kwa mtu ambaye bafu lake liko karibu na jiko lake.

Siku moja nilitoka kazini mapema nikapita kwa mama. Nilimkuta katikati ya ngazi. Hapandi, hashuki. Amekaa, mkoba wake mapajani, kama mtu anayesubiri basi.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Nilikuwa nakwenda kwa mama yako mdogo. Mguu umekataa."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu chai yangu ilipokuwa moto."

Nikaenda jikoni nikagusa kikombe. Kilikuwa baridi, na juu ya chai palikuwa na utando. Nilirudi nikakaa kidato cha chini yake, maana mle watu wawili hawaenei ubavu kwa ubavu. Niliogopa kweli. Tulikaa hivyo mpaka mguu ulipokubali. Nami nikiwa bado namfuta vumbi la gauni, simu yangu ikaita. Alikuwa yule mwalimu mstaafu. Kuna mtu mwingine ameiona nyumba, ana pesa mkononi. Atatungoja mpaka mwisho wa mwezi, si zaidi.

Sikumwambia kaka. Kesho yake wakati wa chakula cha mchana nilikwenda kwa dalali.

Kila mtu mtaani anamwita Funguo, na sidhani kama kuna anayejua jina lake. Ofisi yake ni pembe ya duka la kutoa fotokopi: meza, viti viwili vya plastiki, na ubao ukutani uliojaa misumari, kila msumari una ufunguo na kila ufunguo una kipande cha boksi kilichoandikwa. Nyuma yake mashine ya fotokopi inanguruma, kwa hiyo mtu analazimika kuinama akimsikiliza. Alikuwa anamenya chungwa.

"Nyumba ya ghorofa, geti la kijani," alisema kabla sijakaa. "Madalali hawatakiwi."

"Ndiyo hiyo."

"Mwandiko wa nani ule?"

"Wa kaka yangu."

"Ana mkono mzuri." Akanipa nusu ya chungwa. "Haya, dada. Waliokuja wanasemaje?"

"Wanaisifia."

"Wote?"

"Wote. Hakuna hata mmoja aliyeona kasoro."

Alitikisa kichwa kama mkunga aliyezalisha mtoto asiyelia. "Basi ndiyo maana. Nyumba yenu haijatukanwa."

Nilidhani ni mashine imenivurugia masikio. Nikamwomba arudie.

"Nyumba haitoki mpaka itukanwe," alisema. "Mtu anayetaka kununua kweli lazima aseme. Jiko dogo. Choo kiko mbali. Rangi gani hii. Akishayasema ndipo anaanza kuishi mle ndani: anabomoa huku, anapaka kule, anaweka kitanda chake. Asiyesema anapita tu. Sasa hayo atamwambia nani pale kwenu? Mama aliyemmiminia chai?"

"Angeniambia mimi."

"Na wewe ungemfanyaje?"

Nilifikiri. "Ningemwonyesha geti."

"Na bei nayo ni vivyo hivyo. Mtu anataka kupunguza, lakini akitaja pungufu mbele ya mwenye nyumba ni kama amemwambia wewe na kwako hamna thamani. Anaona haya. Afadhali apotee." Alifuta mikono. "Mimi ndiye wa kuambiwa. Asubuhi natukanwa na mnunuzi, jioni natukanwa na mwenye nyumba. Wao kwa wao wanabaki na heshima zao. Asilimia tano."

"Ni pesa nyingi kwa matusi, kaka."

"Na matusi ni mengi, dada."

Kaka nilimwambia jioni ile, nikamwambia na habari ya ngazi na chai iliyopoa, maana nilijua bila hiyo hatasikia. Kisha akasema aje huyo mtu, lakini atajibu maswali.

Funguo alikuja akiwa amevaa koti, akamwamkia mama, akakataa chai. Mama alimtazama kama mtu aliyekataa kuvua viatu. "Nikinywa, mama, sitaweza kazi," alisema, na mama kwa jinsi alivyo akaanza kumwonea huruma.

"Kwa hiyo unataka asilimia tano," kaka alisema, "kwa kufungua mlango na kuufunga."

"Ndiyo, kaka."

"Na hapo katikati unafanya nini?"

"Nasimama."

Kaka akanigeukia kama kusema si nilikwambia. Walivutana mpaka mama akachoka. "Mkono mtupu haulambwi," alisema. "Nyumba ni yangu, na mwenye magoti ni mimi. Mpeni kazi." Kaka akatia sahihi kama mtu anayeng'olewa jino, na kibao chake akakifungua getini mwenyewe, akakiweka ndani ya gari.

Masharti ya dalali yalikuwa machache. Wateja wakija, hakuna mtu wa familia ndani. Hakuna chai. Picha kubwa ya baba iliyokuwa juu ya mlango wa sebule ishushwe, kwa sababu watu wanashusha sauti wakiiona. Picha niliishusha mimi, nikaifunika kwa shuka na kuilaza chini ya kitanda cha mama. Sikupenda. Nilimwambia Funguo sikupenda, akasema, "Sawa, dada," na akaendelea kusubiri mpaka nilipomaliza.

Jumamosi alitupigia kwamba wateja wanakuja, twende tukakae kwa jirani. Nilifika kumchukua mama, nikamkuta juu anatafuta kitambaa cha kichwa. Tukahangaika na kitambaa, kisha na kiatu. Tulipotoka mlangoni mwa chumba tayari kuanza safari ya kushuka, geti likalia, tukasikia sauti ya Funguo sebuleni. Walikuwa wamewahi. Kwa mwendo wa mama tungekutana nao katikati ya ngazi, yeye amekaa chini.

Nikamrudisha chumbani, nikafunga mlango. Kiatu kimoja cha mama kikabaki nje. Tukakaa kitandani.

"Birika liko kwenye jiko," mama alinong'ona. "Nikawawekee hata maji."

"Mama, tulia."

Sauti nilizitambua kabla hawajafika kwenye ngazi. Alikuwa mwalimu wa udereva na mkewe, wale wale waliokula biskuti zetu wakapotea.

"Sasa njoo uone," mkewe alikuwa anamwambia Funguo. "Ngazi hizi ndizo zilizonifukuza safari ile. Hivi aliyezijenga alikuwa anakimbizwa na nani?"

"Mbovu," Funguo alisema. "Wala sikatai."

"Na hiki cha juu. Kitazame. Nilibakiza kidogo niache meno hapa. Mtoto akitoka usingizini si ndiyo shingo?"

"Anavunjika."

"Mtu ana akili zake timamu anajenga kitu kama hiki?"

"Hakuwa fundi, mama watoto. Vunja zote. Anzia pale kwenye kona, zizungushe taratibu zifuate ukuta. Chini yake unapata hata stoo ya mapipa."

"Na jiko," mumewe akaingilia, na sikuwahi kumsikia na sauti kubwa hivyo. "Mpishi anampa kisogo kila anayeingia. Nani alichora?"

"Hakuna aliyechora."

Walicheka wote watatu. Niliona viganja vya baba vilivyokuwa vimepasuka kwa saruji, mama akivipaka mafuta jioni, na huyu mtu tunayemlipa amesimama juu ya kazi ya viganja vile anaitikia kila tusi. Nilisimama nikashika kitasa. Mama akanidaka gauni kwa nyuma.

Nilipogeuka, mabega yake yalikuwa yanatikisika na ameziba mdomo kwa kile kitambaa. Nikajua analia, na nikajua ni mimi niliyemletea. Nikakaa nimkumbatie. Hakuwa analia. Mama alikuwa anacheka, machozi yanamtoka, hawezi kujizuia.

"Mbovu," alinong'ona. "Umemsikia? Kasema mbovu."

"Mama."

"Nimezichukia ngazi hizi tangu saruji haijakauka."

Nje, hatua zilikuwa zimefika mlangoni. Funguo akasema, "Chumba hiki kiko sawa na kile mlichotoka, nacho kimefungwa leo," na nadhani alikuwa amekiona kiatu. Hatua zikapita.

"Kwa nini hukumwambia baba?" nilimuuliza.

Mama alijifuta macho. "Ningemwambiaje? Siku alipomaliza aliniita niwe wa kwanza kupanda. Nilikuwa na mimba yako. Nikajikwaa pale pale, nikageuka, nikamwona amesimama chini, mwiko mkononi, ananiangalia usoni." Alikunja kitambaa mara mbili, akakikunjua. "Nikamwambia nzuri. Ikawa ndiyo hivyo. Mtu akishasema nzuri siku ya kwanza, siku ya pili anaanzia wapi?"

Nilimsogelea pale kitandani.

"Miaka yote hii sikuwa na wa kumwambia," alisema.

Jumatatu Funguo alileta bei. Ilikuwa chini ya bei ya kaka na juu ya ile niliyojua mimi kwamba ingetosha kumlipa mwalimu mstaafu. Kaka alipoambiwa mnunuzi ni nani, akasimama. "Hawa ni watu wetu. Walikuja kwa kibao changu. Huyu kaleta nini sasa? Kawarudisha tu. Asilimia tano ya kumrudisha mtu?"

Na ukikaa ukaifikiria, hoja ilikuwa na mguu. Hata mimi niliipima. Lakini kaka hakuishia kwenye hoja. Alimpigia mwalimu wa udereva simu, akamwita nyumbani kwa mama siku Funguo hayupo, wamalizane wenyewe, ile asilimia wagawane nusu kwa nusu. Mwalimu akaja. Mama hakuambiwa ni mpango gani. Aliona mgeni, akaweka birika.

Kaka alizungumza vizuri, kwa takwimu. Mwalimu alikaa na kikombe mkononi, mguu wa kulia unakanyaga sakafu. Alimtazama kaka, akamtazama mama, akatazama biskuti.

"Kwa hiyo utatoa ngapi?" kaka alimuuliza.

"Nyumba ni nzuri sana," mwalimu alisema.

"Na ngazi?" mama akauliza. Alikuwa amenyooka kwenye kiti, uso mkavu kabisa.

Mwalimu alichovya biskuti kwenye chai. "Ngazi... imara, mama."

Mama akaziba mdomo, akainuka upesi akaenda jikoni, na mimi nikalazimika kumfuata. Mwalimu aliondoka hajataja bei. Getini alinishika mkono kama mtu aliyeponea chupuchupu. "Dada, tafadhali. Mwambieni dalali anipigie. Hapa mimi siwezi."

Funguo akampigia. Wiki ile ile wakaelewana, wakatia sahihi, wakalipa, na mwalimu mstaafu akapata pesa yake kabla mwezi haujaisha. Siku ya kuhama mama alishuka ngazi kwa mara ya mwisho kwa staili yake, kwa makalio, kaka amesimama juu na mimi chini. Kaka alikuwa hajawahi kumwona akishuka vile. Alikuwa ameambiwa, lakini kuambiwa na kuona ni vitu viwili. Alitoka nje akakaa ndani ya gari peke yake kidogo. Hata hivyo fedha za udalali alilipa nusu, nusu akaishikilia. Alisema mnunuzi alikuwa wetu, na juu ya hilo hatashawishika, na atakayeona vingine alipe mwenyewe.

Nyumba mpya niliiandaa mimi. Nilichukua likizo, nikapaka rangi kuta zote kwa mkono wangu, kijani nyepesi niliyoichagua dukani kwa muda mrefu mpaka muuzaji akanuna. Nikapigilia ndoano za sufuria kwa kimo cha mama, nikapachika picha ya baba mahali anapoiona akiwa kitandani. Mama alizunguka vyumba vyote bila kushika ukuta. Sikumbuki mara ya mwisho kumwona anatembea hivyo, mikono imening'inia tu.

"Nzuri sana, mwanangu," alisema. "Nzuri kabisa."

Nilifurahi, nitaficha nini.

Wiki iliyofuata nilimpelekea mboga, nikapitia uani kwa sababu mikono ilikuwa imejaa. Dirisha la jiko lilikuwa wazi na mama alikuwa anaongea na simu. Nilidhani ni mama mdogo, ingawa mama mdogo yuko hapo mbele, anaweza kumwita kwa sauti.

"Mimi mzima, Funguo, mwanangu. Nyumba? Usiniulize nyumba. Jiko giza, mchana naliwashia taa. Bomba linalia kama paka. Na hii rangi, yarabi, nikifumbua macho asubuhi najiona niko wodini." Akasikiliza, akacheka kile kicheko cha kuziba mdomo. "Ndiyo, mbovu. Mbovu kabisa. Lakini usimwambie binti yangu. Alipaka mwenyewe. Nilikuja nikamkuta amesimama pale, brashi mkononi, ananiangalia."

Niliweka mboga chini taratibu. Iliniuma, sitasema haikuniuma. Nilisimama pale uani nikataka niingie nimwambie mama, niambie mimi, mimi nitaipaka upya hata kesho. Kisha nikajua nikiingia atanitazama usoni, na atasema nini. Nikarudi nyuma mpaka getini, nikapiga hodi kwa sauti, nikangoja amalize.

"Rangi unaionaje, mama, ukishaizoea?" nilimuuliza wakati tunakunywa chai.

"Nzuri, mwanangu. Inatuliza."

Siku ya mshahara nilikwenda duka la fotokopi. Mashine ilikuwa inanguruma. Funguo akavuta kiti cha pili akakifuta kwa mkono.

"Mama anaionaje nyumba?" aliniuliza.

"Anasema nzuri."

"Vizuri."

"Na rangi?" nikamuuliza. "Rangi umesikia anasemaje?"

Alinitazama, kisha akageukia ubao wake akaanza kunyoosha funguo ambazo zilikuwa zimenyooka.

"Rangi mimi sijui, dada," alisema. "Mimi ni dalali tu."

Nikafungua mkoba nikamlipa ile nusu ya kaka, yote, na nikakaa pale mpaka alipomaliza kuihesabu.